Kosa Linaloandikwa Kwanza

Leo nakuomba tuingie pamoja kituo cha polisi. Usiogope, hatujakamatwa. Tutasimama pembeni ya kaunta tu, tumwangalie askari wa zamu anapoletewa binti aliyetolewa kwao kwa ahadi ya uongo, au mtoto anayeombeshwa barabarani, au kijana aliyekutwa porini na wenzake bila hata kipande cha karatasi mfukoni. Askari atachukua kalamu. Ataandika nini?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Katika usafirishaji haramu wa binadamu, kosa linaloandikwa kwanza kwenye jalada ndilo huamua nani ataitwa mhanga na nani ataitwa mshtakiwa. Na mara nyingi kosa linaloandikwa kwanza ni lile jepesi kuthibitisha, wala si lile zito lililotendeka.

Tuanze na tukio ambalo wengi mnalikumbuka. Mwezi Juni mwaka 2012, mkoani Dodoma, zilikutwa maiti za watu zaidi ya 40 zimetupwa porini. Walikuwa raia wa Ethiopia. Walishindiliwa ndani ya lori wakielekea kusini, wakakosa hewa, wakafa. Wenzao walionusurika walishushwa papo hapo na kuachwa na maiti. Karibu miaka minane baadaye, Machi 2020, huko Tete nchini Msumbiji, lilifunguliwa kontena lililokuwa juu ya lori. Ndani yake walikuwamo Waethiopia 64 waliokwisha kufa na 14 waliokuwa hai bado.

Njia hiyo inajulikana. Mtu hutoka Ethiopia, akavuka Moyale kuingia Kenya, akapenya Tanzania kwa njia za panya za Kilimanjaro au Tanga, kisha akapitishwa bara hadi Tunduma au Kasumulu, macho yote yakiwa Afrika Kusini. Na jinsi habari zake zinavyotangazwa nayo inajulikana. Tunaambiwa polisi wamewanasa wahamiaji haramu kadhaa. Picha inaonyesha vijana waliokonda, wameketishwa chini kwa mistari, na kamanda amesimama mbele ya vipaza sauti. Baada ya muda mfupi wako mahakamani. Kosa lenyewe ni kuingia nchini bila kibali, na ushahidi wake hauchukui dakika tano: hana pasipoti, hana viza, hajui Kiswahili. Kesi imekwisha.

Lakini, ndugu msikilizaji, Dodoma haipakani na nchi yoyote. Lori linalofika huko na shehena ya watu limepita barabara kuu na vizuizi vya polisi, na limelala mahali. Kuna mtu aliyepokea fedha kule walikotoka. Kuna mwenye nyumba aliyewaficha wakisubiri usafiri. Kuna mwenye lori, na kuna aliyetoa kitu kidogo ili turubai lisifunuliwe. Hao kuwapata kunataka miezi ya upelelezi, kufuatilia miamala ya simu, na kuzungumza na wapelelezi wa Nairobi na Addis Ababa. Yule kijana aliyeketi chini hahitaji hata mkalimani kufungwa. Kwa hiyo kijana ndiye anayehesabiwa, na hesabu yake ndiyo inayosomwa kwenye taarifa ya mwaka kuwa ni mafanikio.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana sheria inatofautisha mambo mawili. Kumvusha mtu mpaka kwa magendo, kwa hiari yake na kwa malipo, ni kosa moja. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa jingine. Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000, ambayo huitwa kwa jina la mji wa Palermo nchini Italia, inautambua usafirishaji huo kwa mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumchukua mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni mbinu: nguvu, vitisho, ulaghai, au kutumia unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya, iwe kwa kazi za shuruti, ukahaba, utumwa au hata kumtoa viungo vya mwili. Mambo hayo matatu yakikutana, haijalishi kwamba mtu mwenyewe alikubali safari. Na kama ni mtoto wa chini ya miaka 18, hilo la pili halihitajiki kabisa. Kitendo na lengo vinatosha.

Tatizo ni kwamba wawili hawa, aliyevushwa kwa magendo na aliyesafirishwa ili anyonywe, wanaweza kuwa wameketi ndani ya lori moja, bega kwa bega. Tena mmoja anaweza kugeuka wa pili njiani. Ameanza safari kwa hiari, amelipa, kisha katikati ya njia anafungiwa nyumbani kwa mtu, simu inapigwa kwao, na wazazi wanaambiwa watume fedha la sivyo mtoto wao hatawaona tena. Kwa sura na mavazi hatofautiani na mwenzake. Tofauti ipo katika masimulizi yake, na masimulizi hayapatikani mpaka mtu aulizwe. Nani alilipa nauli? Nani ameshika hati zako? Unadaiwa kiasi gani, na na nani? Ukisema leo kwamba unataka kurudi kwenu, itakuwaje? Ni maswali manne tu, lakini yanataka mkalimani na nafasi ya faragha. Yanataka pia askari aliyefundishwa kuyauliza kabla hajaandika kosa.

Tuache mipaka sasa, turudi majumbani mwetu, maana huko ndiko mambo yanakofichika zaidi. Sheria haidai kwamba mpaka wa nchi uvukwe ndipo kosa litimie. Sheria ya Tanzania ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ya mwaka 2008, inataja waziwazi kisingizio cha ajira, ya ndani ya nchi au ya ng'ambo. Na sote tunajua habari ya ajira ya ndani. Binti anatolewa kijijini Singida, Iringa au Kagera. Aliyemchukua ni shangazi, au rafiki wa mama, au mama wa kanisani. Kikulacho ki nguoni mwako. Ahadi ni shule, au cherehani, au mshahara utakaotumwa kwa wazazi kila mwezi. Anafika Dar es Salaam, anakuta watoto wanne wa kulea, ndoo za kuteka, na mlango unaofungwa kwa nje mwenye nyumba anapotoka.

Tuseme binti huyo ana miaka 15, na siku moja anatoroka. Wa kwanza kufika polisi ni nani? Ni mwajiri. Na akifika hasemi kwamba mtoto niliyekuwa nikimtumikisha bila malipo amekimbia. Anasema, "Afande, msichana wangu wa kazi ameniibia simu na laki mbili." Kosa limeandikwa: wizi. RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, imetolewa. Binti akipatikana, anapatikana akiwa mtuhumiwa, na lolote atakalosema baada ya hapo, kwamba hajalipwa tangu afike, kwamba alikuwa akipigwa, litasikika kuwa ni utetezi wa mwizi.

Au tuseme jirani mwenye huruma amemshika mkono akamfikisha kituoni kabla ya mwajiri. Hapo nako kuna majibu yaliyozoeleka. La mshahara ni la ofisi ya kazi, siyo polisi. La kupigwa, nenda hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. La kuchukuliwa kijijini ni mambo ya kifamilia, mwiteni huyo shangazi mkayamalize. Funika kombe mwanaharamu apite. Kila kipande cha masaibu yake kinatumwa ofisi yake, na hakuna anayeviunganisha vipande akaona kwamba vyote pamoja ni kosa moja kubwa lenye sheria yake.

Tena sheria zetu za watoto zenyewe zinampa askari kigugumizi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Askari akisikia miaka 15, anajisemea kwamba huyu anaruhusiwa. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni nyumba ngapi mjini ambamo binti kama huyo hulala saa tano akiisha kuosha vyombo, kisha huamka saa kumi na moja kumwandaa mtoto wa tajiri aende shule? Kipimo kimo ndani ya sheria. Anayekitumia ni nadra.

Msije mkadhani nawasimanga askari wa kwetu peke yao. Tabia hii ya vyombo vya dola imechunguzwa kwingine, tena mahali penye fedha na vifaa. Marekani ilipitisha sheria yake kubwa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2000. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, wakiongozwa na Amy Farrell na Jack McDevitt, wakawauliza viongozi wa polisi wa miji, wilaya na majimbo: je, jambo hili lipo katika eneo lenu? Ripoti yao ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba karibu robo tatu walijibu kuwa ni nadra au halipo kabisa. Na idara zilizokuwa zimewahi kushughulikia hata kesi moja hazikufika asilimia 10.

Je, majibu hayo yalimaanisha kwamba uhalifu wenyewe haukuwapo? Watafiti walikuta kitu kingine. Pale ambapo viongozi waliamini kwamba jambo hili linaweza kutokea kwao, wakafundisha askari, wakaandika utaratibu wa kufuata na kuteua watu maalumu wa kulishughulikia, kesi zilionekana zaidi. Pale wasipoamini, hawakufundisha. Wasipofundisha, hawakuona. Na wasipoona, waliandika kwamba halipo. Mvuvi aliyetega jarife hawezi kutangaza kwamba bahari haina dagaa.

Kuna la zaidi. Nchini humo, kwenye vituo vya miji kazi hiyo mara nyingi ilikabidhiwa askari waliozoea kupambana na ukahaba. Nao wakaona kile ambacho macho yao yalikizoea: wanawake na wasichana wanaouzwa kingono. Mtu anayetumikishwa shambani, jikoni kwa watu au mgahawani hakuwa kwenye ramani yao. Sisi nasi tuna mazoea yetu. Kwa kuwa kwetu kazi hii iko karibu mno na mambo ya mipaka, jicho letu limezoea kumtafuta mgeni asiye na hati. Mtoto wa Kitanzania anayetumikishwa na Mtanzania mwenzake, ndani ya Tanzania, hana mpaka aliouvuka wala stempu ya kukagua. Anapita mbele ya jicho hilo kila siku akiwa na kapu la sokoni.

Ndiyo maana mara kadhaa waandishi wa habari wamefika kabla ya polisi. Novemba 2020, kipindi cha uchunguzi cha BBC kilionyesha biashara ya kuiba na kuuza watoto wachanga jijini Nairobi, hata mfanyakazi wa hospitali ya umma akarekodiwa akimuuza mtoto aliyekuwa chini ya uangalizi wa hospitali. Siku chache baada ya kipindi kurushwa, watu walikamatwa, na mwaka 2023 mfanyakazi huyo akatiwa hatiani na kufungwa. Mwaka 2022, kipindi hicho hicho kikaonyesha watoto wenye ulemavu waliochukuliwa Tanzania kwa ahadi njema, kisha wakawekwa kwenye mitaa ya Nairobi kuombeshwa, fedha zikienda kwa wengine. Watoto wale hawakuwa wamefichwa. Walikuwa barabarani mchana kweupe, mbele ya kila askari aliyepita. Lakini ombaomba, kwa macho ya mamlaka za miji yetu mingi, ni suala la usafi wa jiji. Hukusanywa kwa msako, na mgeni akipatikana hurudishwa kwao. Mtoto anarudishwa, na yule anayekuja jioni kukusanya mapato anabaki akitafuta mtoto mwingine.

Sasa tutazame upande wa kuzuia. Vyombo vyetu vimejaribu kuzuia, hasa wasichana wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Sababu ipo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, likiwa limezungumza na wafanyakazi 50. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, kulipwa pungufu au kutolipwa, na wengine kupigwa na kudhalilishwa. Na chini ya mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, mfanyakazi akikimbia, mwajiri huweza kuripoti kwamba ametoroka. Unaona? Ni yale yale ya binti wa Singida. Aliyewahi kuripoti ndiye mlalamikaji, na aliyeumizwa ndiye mkosaji.

Lakini kuzuia wasichana kwenye uwanja wa ndege, peke yake, hakukati biashara. Pwani hii inalijua hilo kwa historia yake. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Manowari zilikuwa zikisaka majahazi baharini. Wafanyabiashara walifanya nini? Walihamia nchi kavu. Misafara ikawa inatembezwa kwa miguu kandokando ya pwani, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, hata ikabidi mwaka 1876 Sultani atoe amri nyingine ya kupiga marufuku njia za bara nazo. Doria ililinda njia, na tajiri mwenye mali akabadilisha njia. Leo msichana akizuiwa uwanja mmoja, wakala anamvusha mpaka kwa basi akapande ndege nchi jirani, sasa akiwa hana mkataba uliosajiliwa na hana ofisi inayojua alikokwenda. Amezuiwa yeye. Wakala hakuulizwa kitu.

Na mtego wenyewe umebadilika sura. Miaka ya karibuni vijana wa Afrika Mashariki, wenye diploma na shahada, wanaojua Kiingereza na kompyuta, wameahidiwa kazi za ofisi na mauzo Thailand. Wakifika huchukuliwa hadi Myanmar, Laos au Kambodia, wakafungiwa kwenye majengo yenye walinzi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, wanashikiliwa katika hali hiyo. Februari 2025 maelfu walianza kutolewa katika eneo la Myawaddy na kuvushwa kuingia Thailand, wakiwamo raia wa Ethiopia, Kenya na Uganda.

Hebu mweke kijana huyo mbele ya askari. Hana kovu la mnyororo. Ana elimu kumzidi anayemhoji. Kwa mikono yake mwenyewe ameandika ujumbe uliomtapeli bibi fulani akiba yake ya uzeeni. Kosa la kwanza linalojitokeza ni lipi? Ni utapeli, wizi wa mtandao, kukaa nchi ya watu bila kibali. Kumbe kila ujumbe aliuandika chini ya tishio la kupigwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2002 imelisema hili: mhanga asiadhibiwe kwa makosa aliyotenda kwa sababu ya kusafirishwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inamkinga. Lakini kinga hiyo inampata yule tu ambaye mtu amekwisha kumtambua kuwa ni mhanga. Asiyetambuliwa hana kinga, ana shtaka.

Tukifika mahakamani tunakutana na jambo jingine. Wabunge wetu hawakuwa wapole. Sheria ya Kenya inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ya Tanzania awali ilimruhusu hakimu kutoza faini badala ya kifungo, hata tajiri wa biashara hii akaweza kuihesabu faini miongoni mwa gharama zake, mpaka marekebisho ya mwaka 2022 yalipouondoa mwanya huo. Ni hatua njema. Ila adhabu kubwa haina kazi kama shtaka lenyewe halikufunguliwa. Mwendesha mashtaka akiona kuthibitisha ulaghai na lengo la unyonyaji ni mlima, anachukua shtaka la ajira ya mtoto, au la shambulio, au la uhamiaji, anapata hatia ya haraka, na jalada linafungwa.

Na hata likifunguliwa, shahidi yuko wapi? Binti amerudishwa Singida kwa sababu Dar es Salaam hana pa kulala. Nyumba salama ni chache, na nyingi zinaendeshwa na mashirika ya hiari kwa misaada. Kesi imetajwa, imeahirishwa, imetajwa tena, upelelezi haujakamilika. Siku ya ushahidi inapofika, wito umekwama kwa mtendaji wa kijiji, nauli haipo, na shangazi ameshapita kwa wazazi na gunia la mchele. Shahidi hajafika, mshtakiwa anaachiwa. Halafu mwaka unaisha na takwimu zinaonyesha kwamba kesi za namna hii ni chache. Watu wanapumua, wakisema kwetu hali si mbaya.

Nitakuwa sijawatendea haki askari nikiishia hapo. Wapo wanaojua kazi hii na kuipenda. Kenya ina kitengo maalumu ndani ya idara yake ya upelelezi wa jinai. Tanzania ina madawati ya jinsia na watoto katika vituo, na sekretarieti ya kuzuia usafirishaji huu chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Afisa wa dawati, mara nyingi mwanamke mmoja kwenye chumba kimoja chenye meza moja, ndiye anayewanunulia watoto hao chai kwa fedha yake. Anapelekewa ubakaji, vipigo vya ndoa na matunzo ya watoto, na juu ya hayo tunamtaka afuatilie mtandao unaoanzia kijijini hadi Muscat nchini Oman, na gari la kituo halina mafuta. Tukimlaumu yeye tutakuwa tumefanya lile lile ninalolilalamikia, la kumkamata aliye karibu.

Wa kuulizwa ni wakubwa wake, tena waulizwe juu ya vipimo. Kamanda anayepimwa kwa idadi ya wahamiaji aliowakamata atawakamata wahamiaji. Akipimwa kwa idadi ya mawakala na wenye malori waliofikishwa mahakamani, na kwa idadi ya mashahidi waliolindwa hadi hukumu, atawatuma wapelelezi wake mahali pengine. Hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji fomu ya taarifa ya mwezi yenye safu tofauti. Na nyinyi waandishi wenzangu, siku ya mkutano na vyombo vya habari, msiridhike na idadi ya watu walioketishwa chini. Ulizeni: mwenye gari ni nani, na yuko wapi leo?

Nimalizie na wewe, msikilizaji, kwa sababu kuna takwimu moja inayokuhusu. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, katika ripoti yake ya mwaka 2022, ilichambua kesi za mahakamani na kukuta kwamba asilimia 41 ya wahanga waliochomoka walifika kwenye mamlaka kwa juhudi zao wenyewe. Hawakuokolewa na msako wala doria. Walikimbia, wakaomba msaada. Na anayekimbia hukimbilia kwanza kwa mtu: mwenye genge, dereva wa bodaboda, mama wa jirani, balozi wa mtaa. Anaweza kukimbilia kwako.

Basi akija, usimrudishe kwa mwajiri ukidhani unapatanisha. Usimpandishe basi la kwenda kwao usiku huo huo, hata kama moyo unakutuma, maana utakuwa umeupeleka ushahidi mbali. Nenda naye kituoni, uwahi kabla ya mwajiri. Omba dawati la jinsia na watoto, na omba afisa ustawi wa jamii aitwe kabla maelezo hayajachukuliwa. Maelezo yakiandikwa, yasianzie siku alipopigwa au siku alipotoroka. Yaanzie kijijini: nani alikuja kumchukua, alisema nini, nauli ililipwa na nani, alikabidhiwa kwa nani, amelipwa nini tangu siku hiyo. Kisha muulize afande, kwa heshima lakini bila kuondoka kaunta: jalada hili umelifungua kwa kosa gani? Akisema wizi, au ugomvi wa mshahara, au mambo ya kifamilia, mwambie ipo sheria ya mwaka 2008, na kwamba kwa mtoto haihitajiki kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Pengine atakuwa hajawahi kuambiwa. Ondoka na namba ya jalada, na baada ya wiki moja rudi uulize limefikia wapi.